Benchi Lililovunjika na Benchi Lililo Mbele Yako: Risala ya Kikundi cha Rudisha Kiriba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, uliyekuja leo kwa mara ya pili, ingawa kila mtu angekuelewa kama usingekuja;
Bwana Afisa Mazingira;
Muuguzi Mkuu wa zahanati yetu;
Majirani wakulima wa mboga na wenye vitalu vya miche;
Wanakikundi wenzetu, na watoto mliopanda ukutani, shukeni taratibu:

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe nanyi nyote.

KUKARIBISHA

Mgeni rasmi, karibu sana. Tumefurahi kukuona unatembea vizuri.

Umeona hapo mbele tumekuwekea mahali pawili pa kukaa. Pa kwanza ni kiti cha mbao tulichokiazima kwa seremala wa jirani, na mwenyewe anaapa kwamba hakijamwangusha mtu tangu akitengeneze. Pa pili ni benchi letu. Hatukukuambia ukae wapi, wala hatutakuambia. Kaa unapopenda, na ukitaka kusimama pia tutaelewa. Tunakuomba tu utusikilize mpaka mwisho, maana tuna jambo moja kubwa, na tunalitaja mapema usije ukalitafuta katikati ya maneno: tunaomba tanuri letu lifunguliwe.

Risala hii tumeiandika pamoja. Inamtaja sana mwenzetu mmoja tunayemwita Shangazi. Ni shangazi wa damu wa fundi wetu wa kuchomelea vyuma, na sisi wengine tumedandia tu undugu. Yeye alikataa kabisa kuandikwa. "Mtaniandika nikifa," alisema. Tukapiga kura, akashindwa. Hata mpwa wake alinyoosha mkono, na siku ile alinyimwa chai.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, watu wa hapa tunaishi kwa mboga na miche. Kila msimu ukiisha unatuachia uchafu wake: viriba vyeusi vya kuoteshea miche vilivyochanwa, trei za miche zilizokatika, mipira ya kumwagilia iliyotoboka, nailoni za mabanda zilizokaangwa na jua mpaka zinavunjika kama majani makavu, na mifuko ya mbolea. Zamani tulikuwa tunavichoma mpakani mwa shamba. Moshi mweusi ulituingia jikoni, na shuka uliyoianika ikiwa nyeupe uliianua ina rangi ya sufuria. Ambavyo havikuchomwa vililimwa humo humo shambani. Ilifika mahali ukichimba shimo la kupandia, jembe linatoa nailoni kwanza, udongo baadaye.

Kisha mbuzi wa Shangazi akameza kamba ya nailoni. Alikuwa mbuzi mwenye mimba, tena mpole, anaitikia akiitwa. Alipokufa, Shangazi hakumlalamikia mtu. Alichukua gunia akaanza kupita shamba hadi shamba, ameinama, anaokota.

Watu walimcheka. Mama mmoja, ambaye leo yumo katika kikundi na ameruhusu tuseme, alimwita kutoka ng'ambo ya tuta: "Shangazi wee, umepoteza hereni?"

"Namwokota mbuzi wangu," akajibu, wala hakuinua kichwa.

Mama yule alirudi ndani. Kesho yake alitoka na gunia lake. Ndivyo kikundi kilivyoanza, mgeni rasmi. Hakikuanza kwa semina. Kilianza kwa mbuzi.

KAZI YETU INAVYOKWENDA

Plastiki ni kama wakwe. Kwa mbali wote wanafanana, lakini ukiwaweka chumba kimoja bila kuangalia, utakuja kusuluhisha ugomvi. Viriba, mipira laini, nailoni na mifuko vinaweza kuyeyushwa pamoja vikaelewana. Trei ngumu nyeupe, zile zinazokatika kwa mlio, hazielewani navyo. Ukizichanganya, zitashikana machoni tu, ila ndani kila moja imempa mwenzake mgongo.

Tunazitenganisha kwa pipa la maji. Ukitumbukiza kiriba kilichooshwa, kinaelea. Ukitumbukiza trei, inazama. Shangazi ndiye mwenye pipa. Alikuwa anakaa kwenye kigoda chake, mikono imelowa mpaka viwikoni, anaimba kwa sauti yake nzito: "Anayeelea apite, anayezama abaki." Watoto wa mtaa mzima wanaujua wimbo huo na wanaucheza.

Vilivyoelea vinakaushwa, vinasagwa, kisha vinaingia katika tanuri ambalo fundi alilitengeneza kwa mikono yake. Hatuchomi, mgeni rasmi. Tunayeyusha kwa moto mdogo, na mfuniko umefungwa. Tukiona moshi tunajua tumekosea. Uji ule mzito tunaukandamiza ndani ya kalibu, na ukipoa unatoka ubao mweusi, hauliwi na mchwa wala hauozi. Chupa za dawa za kuua wadudu haziingii uani kwetu, hata mtu aape ameziosha. Hizo tunamrudisha nazo mwenyewe kwa aliyemuuzia.

MAFANIKIO

Kwa rehema za Mungu, uzio wa mashamba yote ya bondeni sasa umesimama kwa vigingi vyetu. Wenye vitalu wanapanga miche juu ya meza zetu. Moshi wa mpakani umekwisha, na shuka zimerudi kuwa nyeupe. Kuna mjane mwenzetu ambaye alikuwa hatoki ndani tangu msiba wake, na sasa ndiye anayetuwahi wote asubuhi na kutugombeza tukichelewa.

Muuguzi Mkuu alipoona meza zetu, akatuomba mabenchi kwa ajili ya kibaraza cha zahanati, kwa sababu akina mama wanaosubiri kupimwa wanakaa chini kwenye saruji. Tulifurahi mno. Pengine tulifurahi kupita kiasi. Tukakualika uje ulizindue benchi la kwanza.

SIKU YA BENCHI

Hapa, mgeni rasmi, tunaomba radhi kwa kukukumbusha. Lakini tukiliruka jambo hili, kila mtu hapa atakuwa analifikiria peke yake, na watoto wataanza kucheka.

Ulikaa. Ulitabasamu. Ulisema, "Kumbe takataka ni laini hivi," tukapiga makofi. Mpiga picha akasema usogee kidogo katikati. Ukasogea. Tukasikia mlio kama wa muwa unaovunjwa gotini, na tulipoangalia, tabasamu lako lilikuwa lipo bado, ila limeshuka chini sana.

Akina mama walipiga ukelele. Dereva wako alijitahidi asicheke, tulimwona. Na wewe, Mungu akuzidishie, ulitoa mkono mmoja kutoka kwenye vumbi ukasema, "Hebu niinueni kwanza, kulia mtalia baadaye."

Uliondoka na suruali ya vumbi, na siku chache baadaye halmashauri ikaleta amri kwamba tanuri lifungwe. Afisa Mazingira akalizungushia mnyororo na kufuli. Hatukukulaumu. Utusamehe kwa tutakalosema, lakini tulimshukuru Mungu kuwa aliyeanguka ni wewe. Siku iliyofuata angekaa pale mama mwenye mimba ya miezi yake ya mwisho.

Lawama zote zilimwangukia fundi. Watu walisema moto ulikuwa mdogo, wengine wakasema mkubwa, wengine wakasema alilitoa kwenye kalibu lingali na joto. Fundi hakubishana. Alianza kufunga vifaa vyake.

Shangazi alimkuta uani anaviringisha nyaya.

"Unakwenda wapi?"

"Popote, Shangazi. Nimemwangusha Mwenyekiti mbele ya watu. Nani atanipa hata bawaba nimchomelee?"

"Njoo hapa kwanza."

"Kuna nini tena? Kama ni aibu, nimeshaiona."

"Njoo, mkaidi we. Babako alikuwa hivi hivi."

Alikuwa amekaa chini na vipande vya benchi mapajani. Alikuwa akilipekua lile vunjiko kwa kucha, na lilikuwa linabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Katikati ya weusi kulikuwa na vidoa vyeupe.

"Hivi vyeupe ni nini?" akauliza.

Fundi aliinama. "Trei."

"Trei inafanya nini kwenye maji?"

"Inazama."

"Sasa humu imefikaje? Ilikuja kwa miguu?"

Shangazi mwenyewe alishaanza kuona jibu linakuja upande wake. Kila kipande kilichoingia tanurini kilipita kwanza mikononi mwake. Aliinuka polepole, akaokota kipande cha trei, akaenda kwenye pipa, akakitumbukiza.

Kilielea. Kilitulia juu ya maji kama bata.

"Ewe Mola wangu," alisema, "trei inaelea."

Tukakimbilia pipani wote tuliokuwa karibu. Alikitoa, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Kikazama moja kwa moja. Akakirudisha kwenye pipa. Kikaelea. Ndoo, kinazama. Pipa, kinaelea. Mwenzetu tunayemwita Mama Kilo, kwa sababu ndiye mwenye mwili kutupita wote na mwenyewe anajivunia, akaanza kusoma dua kwa sauti.

"Ngoja kwanza, mama," Shangazi alimwambia. "Tusimsumbue Mungu kabla hatujaangalia sisi wenyewe."

Akaangalia. Kando ya pipa, mgeni rasmi, umeliona hilo boga. Lilijiotea lenyewe. Majani yake ni mapana kama sinia, na mashina yake yamepanda mpaka dirishani. Sisi wote tulikuwa tunalisifia. Tulisema ni baraka, kwa sababu kila asubuhi tunasali hapo hapo kabla ya kazi. Shangazi aliliangalia boga, akaliangalia pipa, kisha akaliangalia boga tena.

"Baraka gani hii inayomea upande mmoja tu," akasema, "pale pale maji yanapomwagika?"

Ndipo kila mtu akakumbuka. Kulikuwa na mifuko ya mbolea iliyonyeshewa ghalani kwa mwenye shamba moja, mbolea imegandia ndani kama mawe. Tulikuwa tumeiloweka humo humo kwenye pipa ili ilainike. Tena tukaleta mingine. Na maji hatukuyamwaga. Maji yetu tunayasukuma kwa toroli kutoka kisima cha ng'ambo, kilima kizima, kwa hiyo tulikubaliana wote kwamba maji yakikaa yakatuama, yatumike tena. Tulijiona wajanja.

Afisa Mazingira alipokuja tulimwonyesha. Alirusha kile kipande mara nyingi kuliko sisi, tukaona anafurahi kama mtoto. Kisha akatueleza vizuri: mbolea imeyeyuka, maji yamekuwa mazito, na maji mazito yanabeba kitu ambacho maji matupu yangekiachia. Kwa hiyo pipa letu lilikuwa linatudanganya, tena sisi wenyewe ndio tuliolifundisha.

Fundi alifungua nyaya zake akazirudisha msumarini. Watu walimwomba radhi, mmoja mmoja, wengine kwa chapati na wengine kwa maneno tu.

Lakini Shangazi hakukaa. Tulimwambia kosa ni letu sote, hata maji tuliyaacha kwa kauli moja. Alisema anajua. Alisema pia kwamba mikono iliyopitisha ni yake. Alikwenda kwenye pipa, akakipindua kigoda chake, miguu juu.

"Sikai hapa tena," alisema, "mpaka yule aliyeanguka akae."

"Shangazi," fundi akamwambia, "Mwenyekiti ni mtu wa shughuli nyingi. Utasubiri mpaka lini?"

"Nilimsubiri babako azaliwe siku nzima mlangoni. Nitasubiri."

Tangu hapo anafagia, anashona magunia, anabeba. Mkewe fundi ndiye anayechambua sasa, na anachambua vizuri, lakini wimbo hauimbi. Anasema si wake. Mgeni rasmi, ukigeuka kulia utakiona kigoda. Bado miguu iko juu, na kuku amezoea kulala katikati yake.

CHANGAMOTO

Sasa tuna mapipa mawili. Moja ni la kuoshea, na jingine la kuchambulia peke yake, na mfuko wa mbolea haulisogelei. Kila asubuhi baada ya sala tunatumbukiza kipande cha trei. Kikizama, tunaanza kazi. Kikisitasita, maji yote yanamwagwa kwenye boga na tunakwenda kisimani upya, hata awe nani amechoka.

Na hiyo ndiyo changamoto yetu, mgeni rasmi. Kilima ni kirefu na toroli ni moja. Bomba la halmashauri linapita nyuma ya ukuta huu. Usiku kukiwa kimya linasikika. Hatusemi zaidi.

Changamoto nyingine ni magunia. Wakulima hawajaacha kutuletea viriba, na hatuna moyo wa kuwarudisha, maana tukiwarudisha watachoma. Yamejaa uani mpaka tunapita kwa ubavu. Mama Kilo amesema kama tanuri halitafunguliwa karibuni, itabidi yeye ahamie kikundi kingine au apungue, na hayo yote mawili hatutaki.

BENCHI LILILO MBELE YAKO

Afisa Mazingira alitufungulia tanuri kwa siku moja tu, tutengeneze benchi la majaribio. Alisimama pale tangu pipa mpaka kalibu, hakwenda hata kula. Tulipolitoa aliliacha juani siku nzima. Kisha tukaliwekea magunia ya udongo. Kisha wakakaa wanakikundi, wawili, watatu, wanne. Mwisho akaitwa Mama Kilo. Tulimwambia akae taratibu. Akasema, "Taratibu ya nini? Kama ni kuvunjika, livunjike kwangu mimi, mimi nina akiba." Akajitupa. Benchi halikusema neno. Akarukaruka. Akaomba aletewe chai hapo hapo.

Tulilikata pia kipande cha pembeni, fundi na Shangazi wakakipekua kwa kucha. Hakuna tabaka. Hakuna doa jeupe. Ni weusi mtupu, umeshikana.

MAOMBI

Mheshimiwa, maombi yetu ni haya. Ufunguo wa tanuri anao Afisa Mazingira, uko mfukoni mwake wa shati, na anasema anasubiri neno lako. Tunakuomba neno hilo, ili Muuguzi Mkuu apate mabenchi yake na akina mama watoke kwenye saruji.

Tunaomba pia uwaambie wakulima waliopo hapa, kwa kuwa wewe watakusikiliza: mbolea iishie shambani, isije imejificha kwenye mfuko. Kuhusu bomba tumeshasema kwamba hatusemi.

MWISHO

Mgeni rasmi, tunapofika mstari huu, Shangazi anatoka pale nyuma alikojificha. Tulikubaliana naye hivyo, kama hajabadilisha mawazo. Shangazi, njoo. Anakuja kukaa kwenye benchi upande wa kushoto. Mama Kilo anakaa upande wa kulia. Fundi anasimama nyuma yao, na kama unavyoona, jasho linamtoka.

Katikati pamebaki nafasi. Ni pale pale mpiga picha alipokuambia usogee.

Kiti cha seremala kipo bado, na hakuna atakayekuona vibaya. Lakini ukikaa hapa katikati, fundi ataachia pumzi, Afisa ataingiza mkono mfukoni, na mtoto yeyote aliye karibu na pipa amfukuze yule kuku, akigeuze kigoda, miguu chini. Boga nalo limeiva, tumelikata asubuhi. Ni lako, ukae usikae.

Mungu akupe afya ya mgongo na wepesi wa miguu, aibariki familia yako, ailinde ardhi yetu na kila kinachoota juu yake, na azipokee kazi za mikono yetu, zilizozama na zilizoelea.

Karibu ukae.

Ni sisi wako,
Wanakikundi wa Rudisha Kiriba